Mbio za Injini: Mwanamke wa Goma Ataingilia Mlango Gani?

Februari 2025, muda mfupi baada ya waasi wa M23 kuingia Goma tarehe 27 Januari, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Bi Thérèse Kayikwamba Wagner, alimwandikia barua mkuu wa Formula 1, Stefano Domenicali. Alimtaka aachane na mazungumzo ya kupeleka mbio hizo Kigali. Desemba 2024 Kigali ilikuwa imewapokea wakuu wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwa mkutano wao mkuu na sherehe ya tuzo, na Rais Kagame akatangaza kwamba nchi yake inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao kwamba Rwanda inawaunga mkono M23, nayo Rwanda inakanusha. Basi hivyo ndivyo jina la Goma lilivyoingia katika habari za mbio za magari duniani: kwa barua ya kidiplomasia, na aliyeiandika alikuwa mwanamke.

Barua ile ilihusu vita na pesa za michezo. Lakini inatupa nafasi ya kuuliza jambo ambalo hapa mjini haliulizwi: mwanamke wa Goma, aliyezaliwa na kukulia katika mji wa pikipiki, ana nafasi gani katika mchezo wa injini? Wengi watajibu haraka kwamba hana, kisha watataja mila, woga, au udhaifu wa mwili. Nimefuatilia suala hili kwa makini, nami siamini sababu hizo. Ninachokiona ni kwamba chombo chenyewe cha kuendesha humfikia mwanamke akiwa amechelewa sana, na pesa humfikia akiwa amechelewa zaidi. Mengine yote yanafuata hapo.

Anayetaka kujua mchezo huu unaanzia wapi Goma, asitazame injini kwanza. Atazame chukudu. Ni mbao tupu: magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani kama pembe za ng'ombe, na kipande cha mpira kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Hicho kipande ndicho breki. Kijana anakikanyaga kwa mguu mpaka mpira unuke. Akishuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi au makaa, mamia ya kilo yakimsukuma kwa nyuma, analazimika kuisoma barabara mapema: wapi kuna changarawe, wapi kuna shimo, wapi aanze kukanyaga kabla kona haijafika. Akichelewa hana breki ya pili. Mwalimu yeyote wa rali angemwambia kwamba amekwisha kupata masomo ya mwanzo: tazama mbali, punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, jua uzito wako umekaa wapi. Dada yake anashuka barabara ileile, mzigo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, macho yameelekea chini. Nguvu wanazo wote wawili, na huenda za dada ni nyingi zaidi. Ila mmoja anatumia ujana wake kujifunza mwendo, mwenzake anautumia kubeba.

Kutoka chukudu kijana anahamia kwado, anaziba matairi. Anashinda garaji, anatumwa spana, anaruhusiwa kuizungusha pikipiki ya mteja uani ili asikilize injini. Siku moja motari, mwendesha teksi ya pikipiki, anaumwa, na kijana anapewa funguo mpaka jioni. Akifika miaka 20 tayari ana miaka kadhaa ya kuendesha, na hakuna aliyemwandikisha shule. Msichana wa rika lake hajapita hata kituo kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo tunapomwona kijana anakata kona kwa ufundi na binti anasitasita, tunalinganisha watu wawili ambao mmoja wao amefanya mazoezi tangu utotoni.

Si kwamba wanawake wa Goma wako mbali na pikipiki. Wako juu yake kutwa nzima, lakini nyuma. Mama anakwenda soko la Virunga na TVS, anarudi na Boxer. Anapelekwa mpakani, Petite Barrière, na bidhaa mapajani. Mjamzito anapelekwa hospitali usiku juu ya mawe ya makoro ambayo volkano ya Nyiragongo ilitumwagia mwaka 2002 na tena 2021. Wengi hukaa kwa upande kwa sababu ya kitenge, mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine umeshika chuma cha nyuma. Kukaa hivyo kwenye barabara yetu kunahitaji mizani ambayo waendeshaji wengi hawana! Tukumbuke pia kwamba enzi za Rais Mobutu, wakati wa siasa ya kurudi kwenye asili, mwanamke alikatazwa kuvaa suruali. Bibi zetu walioishi miaka ya 1970 walikatazwa na serikali vazi ambalo lingewawezesha kukaa sawasawa juu ya pikipiki. Siasa ile ilikwisha, lakini jicho la mtaa lilibaki, na hata leo binti aliyevaa jinzi akapanda mbele anatazamwa kwa namna ambayo kaka yake hatazamwi.

Wanawake wachache wanaofanya kazi ya motari wanajua jicho hilo. Abiria humuuliza kwanza kama anajua kuendesha, ndipo amuulize bei. Akizima injini kwenye mteremko, wanasema ni mwanamke. Motari mwanaume akizima, wanasema ni plagi. Hili linaonekana dogo, lakini katika mchezo wa mbio ni kubwa, kwa sababu dereva hujifunza kwa kukosea. Asiyepewa ruhusa ya kukosea mbele za watu anaishia kuendesha polepole, kisha upole huo unatumiwa kama ushahidi dhidi yake.

Sasa tutoke nje ya Goma kidogo, maana Afrika Mashariki ina historia ndefu ya jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wanawake waliingia mapema. Mwaka 1962 Mwingereza Pat Moss, pamoja na Ann Riley, mwelekezi wake aliyemsomea njia kutoka kiti cha pili, alimaliza wa tatu kwa jumla akiwa na Saab 96, gari dogo kabisa mbele ya matope ya Afrika Mashariki. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton naye alimaliza wa tatu na Audi Quattro. Katikati ya hao wawili, mwaka 1974, Mkenya Orie Rogo Manduli alishiriki Safari, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Manduli alifariki 2021, mwaka uleule Safari iliporejea kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002.

Mwaka uliofuata, Juni 2022, Maxine Wahome na mwelekezi wake Murage Waigwa walishinda daraja la WRC3 katika Safari, ndani ya Ford Fiesta Rally3. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda daraja hilo katika ubingwa wa dunia kabla yake. Uganda ina Susan Muwonge, wanaomwita Super Lady, aliyetwaa ubingwa wa taifa wa rali mbele ya wanaume. Rwanda ina Queen Kalimpinya, aliyeanza kama mwelekezi, kisha akahamia usukani. Zimbabwe ina Tanya Muzinda wa pikipiki za motokrosi, aliyejulikana barani kote akiwa bado mtoto wa shule. Kwa hiyo suala la iwapo mwanamke wa Kiafrika anaweza limekwisha kujibiwa. Linalobaki ni namna hao walivyoingia, na hapo ndipo penye funzo kwa Goma.

Nitazame njia zao. Pat Moss alikuwa dada wa Stirling Moss, dereva maarufu wa mbio za magari. Mouton alinunuliwa gari la kwanza na baba yake, aliyemlipia msimu mmoja athibitishe uwezo wake. Wahome ametoka katika familia ya rali. Manduli alikuwa Miss Kenya 1964 kabla ya kushika usukani, na Kalimpinya alifahamika kwanza kwa Miss Rwanda 2017. Haya mawili ya mwisho yananisumbua. Wanawake wawili waliofungua njia katika nchi mbili za Afrika Mashariki, miaka zaidi ya arobaini imepita kati yao, na wote wawili jamii ilikuwa imekwisha kuwatambua kwa mashindano ya urembo. Siwapunguzii sifa hata kidogo. Barabara ya rali haijali sura ya mtu, na wao waliikabili. Lakini mchezo huu unaishi kwa wadhamini, na mdhamini hutoa pesa kwa mtu ambaye jina lake tayari linajulikana. Mvulana hujulikana kwa sababu ya mwendo wake. Msichana imembidi ajulikane kwanza kwa kitu kingine, ndipo mwendo wake utazamwe. Binti wa Ndosho au Majengo ambaye hana baba mwenye garaji, wala taji, hana hata mlango mmoja kati ya milango hiyo.

Kuna mfano mmoja unaomkaribia, nao unatoka mbali: Italia. Lella Lombardi, binti wa muuza nyama, alijifunzia kuendesha kwenye gari la baba yake la kusambaza nyama. Mwaka 1975, katika mbio za Hispania zilizosimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya ajali mbaya, alimaliza wa sita na kupata nusu pointi. Mpaka leo, baada ya nusu karne, yeye ndiye mwanamke pekee aliyewahi kupata pointi katika Formula 1. Ninampenda Lombardi kwa sababu ya gari lile la nyama. Alipata saa zake za usukani kwa njia ya kazi, kazi ambayo ilibidi ifanyike kila asubuhi, awe na kipaji au asiwe nacho. Goma hatuna uwanja wa mbio, lakini kazi za usukani tunazo kuanzia alfajiri mpaka jioni: samaki wa Kituku, viazi vya Kibumba, saruji, mafuta, maziwa ya Masisi. Wanawake ndio wenye sehemu kubwa ya biashara hiyo. Mama anamiliki mzigo, analipia usafiri, anampigia motari simu. Kinachosafirisha mzigo wake si chake, na binti yake hajawahi kukigusa.

Hapo tunaingia kwenye pesa. Pikipiki mpya Goma ni zaidi ya dola 1,000, na motari asiye na yake hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni. Mchezo wenyewe ni ghali mno. Fiesta ya daraja aliloshindia Wahome huuzwa kwa karibu euro 100,000, kabla ya tairi, mafuta na mafundi. F1 Academy, mashindano ya wasichana yaliyoanzishwa 2023 chini ya Susie Wolff, yalitangazwa kama njia ya kupunguza gharama, na hata hivyo kila dereva katika msimu wa kwanza alitakiwa kuja na euro 150,000. Mtu wa Goma akisikia namba hizo anaweza kucheka au kukata tamaa. Mimi nasema aziache zipite. Hakuna anayeanza na Fiesta. Swali letu ni la zile dola 1,000 za kwanza.

Na kwa mwanamke wa Kongo dola hizo za kwanza zilikuwa zimefungwa na sheria. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa tendo la kisheria. Mkopo, mkataba, dhamana, vyote vilipita kwa mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoifuta ruhusa hiyo. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyeolewa kabla ya 2016 aliishi miaka yake ya ndoa mpaka wakati huo akiwa hawezi, kwa jina lake peke yake, kukopa fedha za kununulia pikipiki. Miaka kumi kasoro baadaye, Januari 2025, benki za Goma zikafunga milango kwa sababu ya vita. Kilichobaki ni kile ambacho wanawake wamekuwa nacho siku zote: likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, na vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviita AVEC. Wanawake wenyewe wanavijua vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Kikundi cha akina mama ishirini kinaweza kununua pikipiki moja katika mzunguko mmoja, na hakuna kanuni inayosema lazima wampe mwanaume aiendeshe.

Watu wataniambia: tuachane na pesa, mwili wa mwanamke utavumilia? Hoja hii inarudi kila mara, kwa hiyo ijibiwe. Mchezo wa injini ni mmoja kati ya michezo michache ambamo mwanamke na mwanaume hushindana daraja moja, saa moja, kwa vifaa vilevile. Mouton na mwelekezi wake Fabrizia Pons walishinda Sanremo 1981, kisha Ureno, Ugiriki na Brazili mwaka 1982. Walikosa ubingwa wa dunia kwa mbio zilizofanyika hapa Afrika, Côte d'Ivoire: baba yake Mouton, yule aliyemnunulia gari la kwanza, alifariki wakati mbio zinakaribia kuanza, naye alishiriki kwa sababu ndivyo baba alivyotaka, gari likamwangusha. Walter Röhrl akachukua taji. Mwaka 2001 Mjerumani Jutta Kleinschmidt alishinda Paris–Dakar kwa jumla, mbele ya wanaume wote. Mwaka 2018 Mhispania Ana Carrasco alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki wa Supersport 300 dhidi ya wavulana. Ndiyo, kuendesha gari la mbio kunachosha shingo na mikono, na mazoezi ya mwili yanahitajika. Lakini mwanamke anayepandisha gunia kutoka ziwani mpaka Birere hana cha kuthibitisha kwa mtu yeyote kuhusu shingo.

Ninachokihofia zaidi ni usalama. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya dharura, na kuna vipindi pikipiki zilizuiwa kutembea usiku. Barabara ya Sake na ile ya Rutshuru zimekuwa njia za wakimbizi na za majeshi kabla ya kuwa njia za mtu yeyote anayetaka kufanya mazoezi ya mwendo. Mwanamke peke yake juu ya pikipiki, nje ya mji, anabeba hatari ambayo mwanaume haibebi kwa kiasi kilekile, na sote tunajua ukatili uliofanyiwa wanawake wa mkoa huu kwa miaka thelathini. Kumwambia binti ajitose barabarani kwa moyo mkuu bila kulitaja hili ni kumdanganya. Ndiyo maana napendelea mazoezi ya pamoja, mahali palipozungushiwa uzio, mchana, chini ya mtu mzima anayewajibika. Uwanja wa shule unatosha. Koni sita, pikipiki mbili, helmeti zinazobana vizuri, na mtu mwenye saa ya kupimia. Mazoezi ya kuzunguka koni kwa mwendo mdogo hufundisha klachi, breki na macho vizuri zaidi kuliko kukimbia kilomita 20 kwenye lami.

Halafu kuna kiti cha kushoto au cha kulia, kutegemea usukani wa gari: kiti cha mwelekezi. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona ndicho kilicho karibu zaidi na wasichana wetu. Katika rali dereva haoni kilicho nyuma ya kona. Siku chache kabla ya mbio, wawili hao hupita njia polepole, na mwelekezi huandika kila kitu kwa alama fupi: ukali wa kona, umbali wa mita, kilele, daraja, jiwe la kukwepa. Siku ya mbio anasoma maandishi hayo kwa sauti isiyotetemeka, si mapema mno dereva akasahau, si kwa kuchelewa wakaingia mtaroni. Ndiye pia anayetunza saa ya kila kituo, maana kuchelewa dakika moja kunaadhibiwa. Kazi hii inahitaji akili tulivu, mwandiko mzuri, hesabu, na lugha ambayo dereva anaielewa. Haihitaji kumiliki gari. Kalimpinya alipita hapo. Kenya ina Tuta Mionki, aliyejijengea jina kwenye kiti hicho. Msichana wa Goma aliyemaliza shule, anayezungumza Kiswahili na Kifaransa, na pengine Kinyarwanda na Kiingereza cha kujifunzia, ana silaha ambayo timu za Kampala, Kigali, Bujumbura na Nairobi zingeihitaji. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ipo.

Karibu na kiti hicho ipo garaji. Kleinschmidt alisomea fizikia na kufanya kazi ya uhandisi BMW kabla ya kushinda jangwani. Katika Formula 1 ya leo, Hannah Schmitz ndiye anayeamua pamoja na wenzake lini gari la Red Bull liingie kubadilisha tairi, na mwaka 2025 Laura Müller akawa mwanamke wa kwanza kuwa mhandisi wa mbio wa kudumu wa dereva mmoja, kwenye timu ya Haas. Nchi yetu wenyewe ina Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyeongoza kazi ya kuunda roboti za kuongoza magari Kinshasa. Goma tuna ITIG, tuna INPP, tuna kituo cha Don Bosco Ngangi, ambako ufundi unafundishwa. Milango ya shule hizi haijafungwa kwa wasichana. Tatizo linaanza binti anapotoka na cheti chake akaenda kuomba nafasi garaji: anapewa kufagia, kupika chai, kupokea simu. Fundi mkuu anayemnyima spana anamnyima miaka miwili ya ujuzi, hata kama anafanya hivyo kwa upole na kumwita dada.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni mashindano ya wanawake peke yao. Yalijaribiwa: W Series ilianza 2019 na ikaishiwa pesa 2022, F1 Academy ikafuata, na upande wa mbio za pikipiki za lami, ubingwa wa dunia wa wanawake ulianza 2024. Kwa maoni yangu mashindano hayo yanasaidia kuwapa madereva saa za mbio na kuwafanya waonekane, ila yakigeuka mwisho wa safari yatakuwa uzio. Kwa Goma mjadala huu bado uko mbali. Huwezi kutenganisha mashindano ambayo hayapo.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni gumu. Rali iliyo karibu zaidi na Goma iko ng'ambo ya mpaka. Kigali ni kilomita kama 160 tu kutoka Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, na rali ya Rwanda imekuwa sehemu ya ubingwa wa Afrika. Binti wa Goma anayetaka kuona gari la mbio kwa macho yake, kunusa mafuta yake, kuwatazama waelekezi wakipanga karatasi zao, angefika huko kwa basi na kurudi. Lakini atapita wapi moyoni mwake, baada ya Januari 2025? Bi Kayikwamba Wagner alikuwa na haki ya kusema kwamba fahari ya mbio isifunike vifo vya watu. Nakubaliana naye. Wala sitamlaumu binti atakayekataa kuvuka. Sitamlaumu pia atakayevuka kwenda kujifunza, kwa sababu waliofunga uwanja wa ndege wa Goma na waliozifanya benki zifunge hawakumuuliza, na ujana wake hautasubiri amani ipatikane. Kampala na Nairobi nako kuna mlango, ingawa nauli ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo maombi yangu yanakwenda kwa watu ninaowajua kwa sura, wala hayahitaji mfadhili wa ng'ambo. Wenye garaji wa Katindo, Himbi na Ndosho: msichana akija na cheti cha ufundi, mpeni spana siku ya kwanza. Walimu wa INPP na ITIG: tengeni Jumamosi moja, uwanja mmoja na koni chache, muwafundishe wasichana breki kabla hamjawafundisha gia. Akina mama wa likelemba: mkinunua pikipiki, mmoja wa mabinti zenu ajifunze kuiendesha kabla ya kumtafuta motari. Nanyi wamotari, mnaoijua barabara ya Goma kuliko ramani yoyote, mkimwona dada anajifunza amezima injini katikati ya njia panda ya Signers, simameni nyuma yake mumkinge na magari mpaka iwake.